Kamera Ipi Iingie Nyumbani?

Viko vitu ambavyo familia huvinunua mara moja katika miaka mingi, na kwa sababu hiyo hustahili kufikiriwa vema kabla fedha hazijatoka mfukoni. Baiskeli ni kimojawapo, cherehani ni cha pili, na kwa watu wengi wa Gitega na Muyinga kamera imekwisha kuingia katika hesabu hiyo. Kijana aliyemaliza shule huitaka ili apate riziki ya kupiga picha za arusi. Askari aliye mbali na nyumbani huitaka ili mama yake amwone. Mzazi huitaka ili watoto wasikue bila ya kuacha alama. Wote hao wakifika dukani hukutana na maneno mengi na bei zilizoachana sana, na muuzaji, ambaye naye ana watoto wa kulisha, huwaonyesha kwanza ile iliyo kubwa.

Ukubwa wa kamera si kipimo. Yafaa kuulizwa kwanza ni picha gani inayotakiwa, itapigwa katika mwanga gani, na baada ya miaka ishirini itakuwa wapi. Swali hilo la mwisho aghalabu haliulizwi, nalo katika Burundi lina uzito wa pekee. Mwaka 1972, na tena baada ya Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walikimbia nchi, wengi wao wakielekea Tanzania. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto, na sufuria kama alibahatika, hakubeba albamu. Ndiyo maana leo wako watu wazima wenye wajukuu ambao hawana hata picha moja ya baba zao, na wako wengine ambao picha pekee waliyo nayo ni ile ya kitambulisho cha zamani, yenye muhuri juu ya shavu.

Kisanduku chenye giza

Kamera zote, kuanzia ile ya mbao ya zamani hadi hii iliyomo ndani ya simu, ni kitu kimoja: kisanduku chenye giza ambacho mwanga huruhusiwa kuingia kwa tundu moja, kwa muda uliopimwa, na kuangukia juu ya kitu chenye kuushika. Mzazi anaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Atoboe tundu dogo katikati ya kitako kwa msumari mwembamba, afunike mdomo wa kopo kwa karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia kidogo, kisha ajifunike blanketi kichwani na kuelekeza tundu kwenye mti ulio juani. Juu ya karatasi ile ataona mti, majani yake na rangi yake, umesimama kichwa chini. Kamera imefanyika, kilichobaki ni kuikamata sura ile isitoroke.

Mahali pa lile tundu la msumari mafundi waliweka lenzi, yaani kioo kilichochongwa ili kukusanya mwanga, na nyuma yake tundu linaloweza kupanuliwa na kufinywa kama mboni ya jicho la paka. Upana wa tundu huandikwa kwa tarakimu, kama 1.8 au 5.6 au 16, na tarakimu hizi huwababaisha wanaoanza kwa kuwa zimepinduka: iliyo ndogo ndiyo pana. Tundu likiwa pana, mwanga mwingi huingia, na kilicho nyuma ya mtu huwa na ukungu. Likifinywa, mtu na kilima kilicho nyuma yake huonekana vizuri pamoja.

Halafu kiko kilango, ambacho mafundi hukiita shata, chenye kufunguka na kufunga. Kazi yake haionekani vema popote kama pale Gishora, kilomita chache kutoka mjini Gitega, penye kaya ya ngoma za kifalme iliyoanza zama za Mwami Mwezi Gisabo. Sifa za ngoma hizo zimevuka mipaka, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wake katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Mpigaji anaporuka juu na fimbo mbili mkononi, kilango kinachofunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde humgandisha hewani, miguu juu, kila uzi wa vazi lake ukihesabika. Kilango kile kile kikipewa sehemu moja ya 30 ya sekunde, uso hubaki, lakini fimbo hugeuka kuwa kivuli kama bawa la ndege. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine. Wako wanaoipenda ya pili zaidi, kwa kuwa ndani yake ngoma karibu isikike.

Zilizotumia filamu

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuza kisanduku kilichoitwa Brownie kwa dola moja. Hakikuwa na la kurekebisha. Mtu alielekeza na kubonyeza. Tangu hapo picha ilitoka mikononi mwa mafundi na wasafiri matajiri ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Mwaka 1925 Wajerumani walileta Leica, iliyotumia filamu ya milimita 35 kama ya sinema, ikaweza kuingia katika mfuko wa koti. Baadaye zikaenea kamera za kioo, ambazo ndani yake kioo kilichoinama humwonyesha mpigaji kile kile kinachoonwa na lenzi, kisha huruka juu upesi pale kilango kinapofunguka. Ndiyo asili ya ule mlio, "klaki", unaojulikana kwa kila aliyewahi kusimamishwa mbele ya pazia la studio.

Kamera za namna hiyo, Zenit za Kirusi, Yashica na Pentax za Kijapani, bado hupatikana katika masanduku ya urithi. Aliyerithi moja asiitupe, kwa kuwa nyingi kati yake kilango chake hufanya kazi bila betri yoyote. Aifungue, aitazame lenzi dhidi ya mwanga wa dirisha. Akiona ndani yake utando mfano wa buibui, hiyo ni kuvu iliyoletwa na unyevu, na picha zitafifia. Ikiwa safi, iko kanuni ya wazee isiyohitaji chombo cha kupima mwanga: mchana wa jua kali, tundu liwekwe 16, na kilango kifuate nguvu ya filamu, yaani filamu ya 100 kwa kilango cha karibu sehemu moja ya 100 ya sekunde, na ya 400 kwa karibu sehemu moja ya 400.

Hata hivyo filamu na dawa za kuisafishia zimekuwa adimu na ghali, na kila roli haina zaidi ya picha 36. Anayeanza leo hujifunza kwa kukosea mara mia. Afadhali akosee mahali ambapo kosa halilipiwi.

Iko pia jamaa ya kamera zinazotoa picha papo hapo. Polaroid aliiingiza sokoni mwaka 1948, akaacha kutengeneza filamu zake mwaka 2008, ingawa wengine walizifufua baadaye. Na Fujifilm wanayo Instax tangu mwaka 1998. Watoto huifurahia sana, na wageni wa arusi hupigania karatasi ile ikiwa bado inageuka rangi. Lakini picha ya ile ndogo ina ukubwa wa milimita 62 kwa 46, kila moja hugharimu karatasi yake, na wala haina negativu. Mgeni akiondoka nayo imekwenda.

Zisizotumia filamu

Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza iliyonasa picha kwa umeme badala ya filamu. Ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja, nyeusi na nyeupe, katika kanda ya kaseti. Leo mahali pa filamu pamekaa kibamba kidogo kiitwacho kihisi, kilichojaa vitone vya kupokea mwanga, ambavyo mafundi huviita pikseli. Ni kwa kihisi hicho kamera hutofautiana, wala si kwa rangi ya ganda lake.

Mvua ikinyesha, wekeni kikombe na beseni chini ya paa lisilo na mchirizi. Muda ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini beseni litapata maji mengi zaidi, na hata mvua ikiwa ya manyunyu halitakosa. Kihisi cha kamera kubwa, kile chenye kipimo cha filamu ya zamani, kina milimita 36 kwa 24. Kile cha simu ya bei nafuu chaweza kuwa na milimita 4.8 kwa 3.6. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba cha kwanza kinazidi cha pili kwa eneo mara 50. Mchana wa saa nne uwanjani tofauti hiyo ni vigumu kuiona, kwa kuwa mvua ya mwanga ni kubwa na kikombe nacho hujaa. Usiku, ndani ya ukumbi wenye taa mbili, ndipo kikombe hubaki kikavu, na picha hujaa chembechembe mithili ya mchanga.

Muuzaji hatasema habari za kihisi. Atasema habari za megapikseli, yaani mamilioni ya vitone, kwa sababu tarakimu kubwa huuza. Ifahamike basi kwamba picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile inayokaa katika albamu, hutosheka na vitone milioni mbili hivi. Milioni 12 hutosha kwa picha kubwa ya kutundika ukutani. Kinachozidi hapo, kwa matumizi ya nyumbani, hujaza kadi tu.

Kamera ndogo za mfukoni zilizokuwa zikitamaniwa sana zamani zimepitwa na simu nzuri, na si lazima kuzungumzwa kwa kirefu. Labda ile yenye lenzi ya kuvuta mbali sana, kwa mwenye kupenda ndege na wanyama.

Kamera za kioo zisizotumia filamu ndizo zinazobebwa na wapigapicha wengi wa arusi. Watengenezaji wakubwa, Canon na Nikon, wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, ambazo ni nyepesi zaidi na huonyesha picha kwenye kidirisha kabla haijapigwa. Kwa mwenye fedha chache hilo ni jambo jema: zile za kioo zimeshuka bei zikiwa bado nzima. Tena zinayo sifa moja ambayo vitabu vya nchi zenye umeme wa saa zote huipitia haraka. Kamera isiyo na kioo huwasha kidirisha chake muda wote, kwa hiyo nyingi za bei ya chini huishia picha 300 hadi 400 kwa betri moja. Nikon D3500, kamera ya kioo ya mwaka 2018, kwa kipimo cha watengenezaji wake hufikisha 1,550. Katika arusi inayoanza asubuhi kanisani au msikitini na kwisha usiku ukumbini, huku umeme ukikatika unavyotaka, tofauti hiyo ni chakula cha watoto.

Na simu? Simu hujitahidi kuufidia udogo wa kihisi chake kwa kupiga picha kadhaa kwa pamoja na kuzichanganya kuwa moja. Ndiyo sababu simu nzuri yaweza kupiga picha ya bibi aliyeketi kando ya taa ikatoka vizuri kabisa, lakini hiyo hiyo ikishindwa na mtoto anayekimbia katika mwanga ule ule, kwa kuwa bibi alitulia na mtoto hakutulia. Kosa kubwa la wenye simu ni kukuza kwa vidole kioo cha simu ili kumsogeza mtu aliye mbali. Katika simu nyingi huko si kumsogeza. Ni kukata kipande cha picha na kukitandaza. Miguu miwili ya mpigaji huifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Lenzi nayo ni nusu ya kamera

Anayenunua kamera ya kioo aghalabu hupewa pamoja nayo lenzi ya milimita 18 hadi 55. Upande wa 18 huona mapana: familia nzima mbele ya nyumba, au jengo kama Maktaba ya Muyinga, iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mchoro wa BC Architects wa Ubelgiji, na ambayo picha zake zimezunguka dunia nzima. Jengo lile ni shule nzuri kwa anayeanza. Baraza yake ndefu ina kivuli na nje kuna jua kali. Ndani watoto hupanda juu ya wavu mkubwa wa kamba za katani na kusoma humo. Mwenye kusimama ndani akaiachia kamera iamue yenyewe, ama watoto watakuwa weusi ti na nje kuonekane, au watoto waonekane na nje pawe peupe kama karatasi. Yampasa achague ni kipi alichokuja kukipiga.

Upande wa 55 unafaa kwa nyuso, lakini hapo tundu la lenzi hiyo halipanuki kupita 5.6. Iko lenzi nyingine, fupi, isiyovuta wala kusukuma, ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kuliko zote, na hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Kijana mwenye akiba ya kununua kitu kimoja cha ziada aache begi la ngozi na fito za kushikia simu, anunue hiyo.

Uso mweusi na kanzu nyeupe

Hapa liko jambo ambalo maelezo ya ndani ya boksi la kamera hayalifafanui vya kutosha, na ambalo limeharibu picha nyingi za Afrika kuliko ubovu wa kamera. Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutaka wastani wake uwe kijivu. Siku ya Idi mjini Muyinga, baba akisimama na wanawe watatu, wote wakiwa wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huona weupe mwingi ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu hutoka kijivu na nyuso hutoka kama vivuli. Bibi arusi wa Gitega hupatwa na balaa hiyo hiyo ndani ya shela lake.

Tena kasoro hii ina historia. Kwa miongo mingi maabara za Marekani na Ulaya zilirekebisha rangi za picha kwa kutazama kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mweupe, ambayo watu wa kazi hiyo waliiita kadi ya Shirley. Filamu zenyewe nazo zilitungwa zipendeze kwa ngozi ya namna hiyo. Mtu mweusi na mtu mweupe wakipigwa pamoja, mmoja alionekana na mwingine alibaki macho na meno. Si kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kupigwa picha. Ni kwamba waliotengeneza vipimo hawakuwa wakiitazama. Filamu na kamera za baadaye zimetengenezwa vizuri zaidi, lakini ile tabia ya kutaka kijivu ipo hata leo.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye simu, mpigaji aguse uso wa mtu juu ya kioo. Nyingi zitaonyesha alama ya jua, naye aisogeze juu taratibu mpaka uso uonekane kama ulivyo. Kwenye kamera iko sehemu yenye alama ya kujumlisha na kutoa; aijumlishe moja. Pili, amwondoe mtu juani. Gitega iko takriban nyuzi tatu na nusu tu kusini ya Ikweta, na saa sita za mchana jua husimama karibu utosini, likiyatia macho giza chini ya paji. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, na tangu saa kumi jioni, mwanga huja kwa ubavu nao ni mpole. Ikilazimu mchana, kivuli cha mwembe au cha upenu kinatosha, mtu akielekezwa kule kwenye mwanga. Tatu, ndani ya nyumba, flashi izimwe. Mtu aketi kando ya dirisha, na upande wake wenye giza ashike mtu shuka jeupe ili lirudishe mwanga. Ngozi nyeusi hung'aa kwa mwanga wa ubavu kwa namna ambayo hakuna taa ya dukani iwezayo kuigiza.

Kununua iliyotumika, na kuitunza

Wengi watanunua iliyokwisha kutumika. Yafaa muuzaji awe mtu anayejulikana alipo na karatasi ya mauzo iandikwe, kwa kuwa kamera ya wizi humtia mashakani hata asiyeiba. Mnunuzi apige picha ya ukuta mweupe, aikuze, atafute madoa, asikilize kilango, aulize kimefunguka mara ngapi, kwa sababu katika kamera za bei ya chini hutarajiwa kuhimili mara 100,000 hivi. Chaja na betri viwepo, kwani chaja ya aina ngeni yaweza kutafutwa mwaka mzima. Kadi za kumbukumbu zijaribiwe kwa kujazwa hadi mwisho. Ziko za bandia zilizoandikwa GB 128 ambazo hazifiki hata robo, nazo hazisemi kitu mpaka picha za arusi zimekwisha kupotea.

Baada ya hapo adui ni vumbi na unyevu. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara huingia popote, na kubadilisha lenzi katika kituo cha mabasi ni kulikaribisha likae juu ya kihisi. Lenzi hupulizwa kwanza kwa kipira cha hewa, ndipo ipanguswe kwa kitambaa laini kilichotengwa kwa kazi hiyo. Pindo la kanga lina mchanga, na mate yana chumvi. Msimu wa mvua kamera isifungiwe ndani ya begi la ngozi kabatini, maana kuvu hupenda giza na ngozi. Ikae katika kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya punje za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mahali pasipopigwa

Kwa familia za askari na polisi liko neno la ziada. Kambi, silaha, magari ya kazi, vizuizi vya barabarani, na pale mpakani Kobero ambapo malori huvuka kuelekea Tanzania, si mahali pa kuinua kamera bila idhini, hata kama nia ni kumpiga mjomba anayesubiri basi. Vyombo vya kuruka vyenye kamera navyo vina ruhusa zake, na havifai kurushwa kwanza ndipo kuuliza.

Lililofichika zaidi ni hili: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, ikiwa alama ya mahali haikuzimwa. Askari aliyempigia mkewe picha akiwa ameketi juu ya kitanda cha kambi, hakuna bendera wala bunduki inayoonekana, huenda ametuma pamoja nayo tarakimu za kuonyesha kambi iko wapi. Wanajeshi wa Burundi waliokwenda Somalia kuanzia Desemba 2007 walikuwa na sababu kubwa ya kujihadhari na jambo kama hilo. Kuizima alama hiyo katika mipangilio ya kamera ni kazi ya nusu dakika, na mke ana haki ya kumkumbusha mumewe.

Karatasi bado ina kazi yake

Huko Zanzibar ipo Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe, ambako picha za mji wa zama zilizopita bado hutazamwa na kununuliwa. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, nayo yana picha za kale pamoja na vyombo vya jumba la wafalme. Picha hizo zote zimedumu kwa sababu zilikuwa karatasini au juu ya vioo vya negativu. Picha iliyo ndani ya simu haina bahati hiyo: simu ikianguka kisimani, imekwenda na miaka minne ya watoto. Tena iliyopitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa vitone njiani, na kinachofika si ile iliyopigwa.

Kwa hiyo ziwepo nakala mbili mahali pawili. Familia yenye ndugu Gitega na Muyinga inao mji wa pili tayari. Kadi moja ikae kwa kaka, nyingine ipande basi la kupitia Karuzi ikae kwa dada. Na kila mwaka picha kumi au ishirini zilizo bora zichapwe kwenye karatasi ya picha, wala si karatasi ya mashine ya ofisini, ambayo rangi zake hupauka upesi ukutani. Kwa anayesita kununua kamera yoyote, fedha hizo za uchapaji, pamoja na simu aliyo nayo, zitamfaa zaidi kuliko kamera ya kioo itakayokaa kabatini. Kijana wa arusi ndiye ainunue ile ya kioo iliyotumika, na lenzi ya 50.

Waliobakiwa na picha moja ya zamani, iliyotoka nayo kambini Tanzania au iliyofichwa ndani ya Biblia au msahafu, wanaweza kuinakili kwa simu hiyo hiyo. Picha ilazwe mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, flashi izimwe, simu ishikwe sambamba na karatasi ili pembe nne zinyoke, na igusike mara tatu au nne kwani mkono hutikisika. Ikiwa imegandana na kioo cha fremu isibanduliwe. Inakiliwe hivyo hivyo, simu ikiinamishwa kidogo tu kukwepa mng'ao.

Kisha majina. Katika picha nyingi za wasafiri wa Ulaya waliopita nchi hizi zaidi ya miaka mia iliyopita, watu wamesimama wazi kabisa, na jina halikuandikwa hata moja. Nyuma ya picha ya nyumbani yaandikwe majina, mahali na mwaka, kwa kuanzia kushoto, kwa penseli laini na bila kukandamiza, karatasi ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino isitumike. Wino hupenya na baada ya miaka hutokea usoni mwa mtu.